Msamaha wa Tope la Lukolongo

Kroo, kroo, kroo.

Siwatu alikuwa bado chini ya jabali, miiba imemziba macho, hajaona kitu, alipowasikia vyura. Akatua ndoo yake, akafunga kanga upya kiunoni, akacheka peke yake kama mtu aliyeokota pete. Vyura wakiimba hivyo mchana kweupe basi maji yapo. Maji yakiwapo, tope lipo. Na tope likiwapo, haya machipukizi ya magimbi aliyoyabeba ndani ya ndoo, yaliyofungwa gunia bichi kama mtoto mwenye homa, yatapona.

"Kumbe serikali ilisema kweli," alijinong'oneza, kisha akageuka kuangalia kama kuna mtu amemsikia akisema jambo la ajabu namna hiyo.

Akabeba ndoo, akapanda. Vyura nao wakazidi kumshangilia.

"Kroo, kroo. Kroo, kroo. Moja, mbili, moja, mbili. Sauti inafika huko nyuma? Kroo."

Siwatu alisimama mguu mmoja juu ya jiwe. Alizaliwa ukingoni mwa kinamasi, akakulia humo, akaolewa humo. Alijua chura wa mvua, chura wa mtini na yule mnene anayelia kama mlango mbovu. Chura anayehesabu hakuwahi kukutana naye.

Alipofika juu aliona yote kwa mara moja, maana hayakuwa mengi. Uzio wa seng'enge. Ndani ya uzio, mawe. Katikati ya mawe, mapipa yamepangwa mstari, yamejaa tope lililokauka na kupasuka kama kisigino cha mtembea peku. Juu ya nguzo, kipaza sauti, nacho ndicho kilikuwa kikilia kroo. Na chini ya mwamvuli, nyuma ya meza, amekaa kijana mwenye tai, jasho linamtiririka hadi kwenye fundo. Jina lake Shinuna, karani wa serikali.

"Karibu Benki Kuu ya Ardhi Ovu, tawi la Jabalini," alisema Shinuna bila kuinua kichwa. "Umekuja kuweka au kutazama?"

"Nimekuja kutoa."

Shinuna akainua kichwa. "Kutoa nini, mama?"

"Tope langu. Waziri alituambia tusilie, tope letu halijapotea, limewekwa benki. Sasa mimi sina tamaa, mwanangu. Nipe linalotosha magimbi haya tu, linalobaki mkae nalo."

"Hapa hatuna kutoa."

"Benki gani haina kutoa?"

"Ya serikali," alijibu Shinuna, na hakuwa anatania.

Siwatu akaonyesha kidole juu ya nguzo. "Na hawa vyura?"

"Hao ni wa kurekodiwa. Sheria inataka akiba iwe na vyura. Wale wa kweli walikataa kupanda lori, wakarukia vichakani. Wanatafutwa."

*

Msomaji asije akadhani Siwatu ni mwanamke wa kutafuta ugomvi na vipaza sauti. Turudi nyuma kidogo, tuone tope lilivyofika mlimani.

Nchi yenyewe ina jina zuri sana, lakini jina hilo lilipelekwa kupakwa rangi kwa ajili ya sherehe fulani na mpaka leo halijarudi. Tutaiita tu nchi. Inaongozwa na Mtukufu, ambaye hakosei. Aliwahi kuamka siku ya Jumanne akasema leo Jumapili, na makanisa yakajaa, sadaka ikakusanywa, na mapadri wenyewe wanakiri ilikuwa nyingi kuliko ya Jumapili ya kweli.

Siku hizo wataalamu waliletea nchi wazo jipya kutoka ng'ambo. Ukitaka kujenga juu ya ardhi oevu, walisema, usizuiwe, maana kuzuia ni ushamba. Fukia kwa amani. Ila mahali pengine utengeneze ardhi oevu nyingine ya ukubwa ule ule, uiweke benki, na hesabu ya dunia itabaki sawa. Hilo neno "oevu" ni neno zuri la vitabuni, maana yake ardhi yenye majimaji. Watu wa Lukolongo hawakuwa nalo. Wao huita tope, na tope huitika.

Sheria ikaandikwa. Kwa bahati, herufi "e" katika mashine ya Mpiga Chapa Mkuu ilikuwa imechakaa kwa kuandika "Mheshimiwa" kutwa kucha. Siku nyingine ilifika kwenye karatasi, siku nyingine haikufika. Siku ile haikufika. Mtukufu alisimama bungeni, akavaa miwani, akasoma kwa sauti yake nene:

"Ardhi ovu! Kuanzia leo, nchi hii haitavumilia uovu wa ardhi. Lakini pia hatutaupoteza uovu wetu, kwa maana ni urithi wa vizazi. Kila uovu utakaofukiwa hapa, mwenzake utawekwa akiba kule!"

Wabunge walipiga meza mpaka glasi zikaanguka. Mbunge mmoja, aliyekuwa mwalimu zamani, alinyoosha mkono kusema kuna herufi imedondoka. Akasaidiwa kukaa. Baadaye akasaidiwa kupumzika siasa. Na wataalamu, ambao walikuwa na watoto wa kusomesha, walikwenda kufuta "oevu" katika vitabu vyao vyote na kuandika "ovu", tena kwa wino usiofutika.

Hivyo ndivyo vinamasi vyote vya nchi, ambavyo tangu kuumbwa vilikuwa vimejikalia vikinywa maji yao, vilivyoamka asubuhi vikiwa wahalifu.

*

Wa kwanza kushughulikiwa alikuwa Lukolongo.

Alikuja Waziri wa Mazingira na Majengo, Mheshimiwa Dokta Malundo. Zamani zilikuwa wizara mbili: moja ikijenga, nyingine ikiikataza. Zikaunganishwa ili kupunguza kelele. Waziri alitaka kujenga Lukolongo Ukumbi wa Kimataifa wa Kulinda Ardhi Ovu. Mtu akiuliza kwa nini ukumbi wa kulinda kinamasi ujengwe juu ya kinamasi, alijibiwa kwa upole kwamba mlinzi hukaa karibu na anachokilinda.

Lakini sheria ilitaka kwanza uovu uthibitishwe. Waziri akakusanya watu ukingoni, akasimama juu ya zulia lililotandikwa ili viatu vyake visikutane na mtuhumiwa.

"Ndugu wananchi! Msiogope. Je, ardhi hii imewahi kumtendea mtu yeyote uovu?"

Watu wakatazamana. Siwatu, ambaye shamba lake la magimbi lilianza pale zulia lilipoishia, akasogea mbele.

"Mheshimiwa, hii inatulisha. Kiangazi visima vyote vinakauka, hapa hapakauki. Masika maji yanapozidi, hapa ndipo yanapokuja kulala, yasiingie majumbani mwetu. Mimi mama yangu alilima hapa, na mama yake. Sasa huo uovu uko wapi?"

"Mama, unaitetea?"

"Naisema."

Waziri akamgeukia mwandishi wake. "Andika: shahidi wa kwanza amerogwa na tope."

Ndipo akatokea Mzee Chomboko, jirani yake Siwatu, mtu mwenye kiu ya kudumu. Alikuwa amekwisha vaa fulana mpya yenye picha ya Waziri, na ilikuwa imembana tumboni kiasi kwamba Waziri alionekana amenenepa.

"Mimi imenitendea," alisema Chomboko. "Ilinimezea kandambili."

"Ya mguu gani?"

"Wa kushoto."

"Ilirudisha?"

"Hadi leo."

Waziri alivua miwani, akaipangusa polepole, akiwa na huzuni ya kiserikali. "Wizi," alisema. "Na mbu je?"

"Wapo, Mheshimiwa. Wengi."

"Kushambulia raia. Na mtu akiingia katikati?"

"Anazama kidogo."

"Jaribio la kuua!" Waziri akashusha pumzi. "Ndugu zangu, mmeishi na jambazi hili miaka yote na hamkutwambia?"

Siwatu akamgeukia jirani yake, mkono kiunoni. "Chomboko, bwana wee, huoni haya? Kandambili ile uliipoteza umelewa, umeingia mle kuokota mwezi. Tulikuvuta kwa kamba, ukalia ukatuambia tukuache unakaribia kuushika."

"Jirani," alisema Chomboko taratibu, akiivuta fulana ishuke, "fulana ni fulana."

Lukolongo ikatiwa hatiani, Ovu Daraja la Kwanza. Askari wakajenga tuta, mto ukageuzwa njia. Yakaja malori ya kifusi mchana na mengine usiku. Tope la juu likachotwa, likatiwa mapipani, likapelekwa Jabalini kuwa akiba, na Waziri akatangaza kwamba sasa nchi ina kinamasi chenye mandhari nzuri kuliko cha kwanza, kwani cha kwanza hakikuwa na mlima.

Siwatu alipata asubuhi moja tu ya kung'oa. Aling'oa machipukizi ya magimbi, yale meupe ya mama yake ambayo hayapatikani sokoni wala kwa bibi shamba, akayatia ndoo, akayafunika gunia. Kila siku aliomba maji bombani kwa watu akayalowesha. Kila siku yalinywea zaidi. Gimbi si muhogo, haliwezi kudanganywa na udongo mkavu. Yakifa haya, hakuna mengine, na yeye hatakuwa mkulima wa Lukolongo tena. Atakuwa mwanamke mwenye ndoo.

Mvua ya kwanza iliponyesha, maji yalikuja mbio kama desturi yao, yakakuta mahali pao pa kulala pamefukiwa, yakakosa pa kwenda. Yakaomba malazi chumbani kwa Chomboko. Chomboko akahamia juu ya kabati, na fulana yake.

*

Haya, turudi Jabalini, ambako Siwatu hajaondoka. Alikuwa ameketi juu ya jiwe mbele ya meza ya Shinuna, ndoo mapajani, na kijana yule alianza kupata tabu. Hakuwa kijana mbaya, alikuwa na ajira tu.

"Mama, nenda nyumbani. Hili tope siwezi kukupa. Halikuwekwa, unaelewa? Lilihukumiwa. Kisheria limefungwa."

"Limefungwa kama mwizi?"

"Kama mwizi. Na mfungwa hatolewi kwa saini yangu mimi. Mfungwa anatolewa kwa msamaha wa Mtukufu, Siku ya Uhuru." Hapo Shinuna akacheka, maana jua lilikuwa kali na hakuwa amecheka tangu apangiwe kazi ile. "Anasimama mbele yake, ananyanyua mkono, anaahidi kwa sauti kwamba hatarudia uovu, halafu anakwenda nyumbani. Na asiyeweza kusema, ndugu yake anamwahidia. Sasa tope lina ndugu?"

Siwatu hakucheka. Alipenyeza kidole katika ufa wa tope la pipa la karibu, akavunja kipande, akakinusa. Akakitia katika ndoo yake.

"Hiyo ni akiba ya taifa!" alisema Shinuna, ila kwa sauti ndogo, akitazama pembeni.

"Riba," alisema Siwatu, akashuka.

"Kroo," vyura wakamsindikiza. "Kroo, kroo. Betri iko chini."

*

Ukumbi wa Kimataifa ulifunguliwa Siku ya Uhuru. Ulikuwa na marumaru nyeupe, viti vya mahameli, na ukutani picha kubwa ya kinamasi cha Lukolongo iliyopigwa kabla hakijafukiwa. Wageni wa nje walioalikwa kujifunza walisimama mbele yake wakipigwa picha. Wafungwa wa mwaka ule, wale wa kusamehewa, walikaa benchi la nyuma wamenyolewa. Na mbele kabisa walipangwa wanawake wa Lukolongo, wamevishwa vitenge vyenye uso wa Mtukufu, waimbe. Waliambiwa wawe na furaha ya kawaida. Siwatu alikuwa kiongozi wa nyimbo, maana hakuna sauti ya pili kama yake bondeni. Ndoo yake alikuja nayo. Walinzi walipoiuliza alisema ni chombo cha ngoma.

Waziri alihutubia kwanza.

"Mtukufu! Mahali hapa palikuwa pabovu, pakinuka, pakikaliwa na mbu na watu. Leo, chini ya uongozi wako, ardhi ovu haijapungua hata unyayo. Tumeiondoa bila kuipoteza! Wageni wetu wanauliza, inawezekanaje? Nasema, kwetu yote yanawezekana."

Mtukufu alikuwa amelala, kwa heshima. Desturi yake ilikuwa kulala wakati wa sifa na kuamka wakati wa msamaha. Kusamehe alikupenda kuliko chakula.

Wanawake wakasimama. Ubeti waliofundishwa ulianza na "Baba wa mvua na jua". Siwatu alivuta pumzi, na badala yake akatoa ule alioutunga mwenyewe akipita kuomba maji mabombani:

Mtukufu nakujia, hodi hodi mlangoni,
Tope lako lakulia, limefungwa jabalini,
Kosa halijasikia, wala hukumu ni gani,
Lisamehe lirejee, lilale kwake nyumbani.

Wenzake wakaitikia mstari wa mwisho, tena na tena, wengine wakipiga vigelegele. Mmoja aliyeshindana na sauti yake alikuwa Mzee Chomboko, amesimama dirishani kwa nje, suruali imelowa hadi magotini, anaitikia kuliko waalikwa wote. Waziri alifanya ishara ya kukata koo. Wanawake walidhani anacheza, wakaongeza.

Kwenye neno "lisamehe", Mtukufu alifumbua macho.

"Nani kafungwa?"

Wanawake wakakatiza wimbo.

"Tope, Mtukufu," alisema Siwatu, akapiga goti. "Tope la Lukolongo."

"Lina kosa gani?"

Waziri akaruka. "Ni ovu, Mtukufu. Kwa mujibu wa sheria uliyoisoma mwenyewe."

"Liliua?"

"Liliiba... kandambili, Mtukufu."

"Zote mbili?"

"Ya kushoto."

Mtukufu alitikisa kichwa. Kwenye benchi la nyuma alikuwa na watu walioiba benki, benki ya kweli yenye fedha, na alikuwa amekuja kuwasamehe. Aliwatazama wageni, akaona kalamu zao zimesimama. Akanyanyuka. Alipendeza sana akinyanyuka.

"Mimi ni baba," alisema. "Siwezi kulala kitandani na tope langu likalala juu ya mawe kwa kandambili moja. Nimelisamehe! Liende nyumbani kwake. Leo hii, kabla jua halijatua."

Makofi yalipigwa mpaka taa za dari zikacheza. Waziri naye alipiga, kwa mazoea. Kisha viganja vyake vikasimama hewani. Akamsogelea Mtukufu, akainama sikioni.

"Mtukufu, nyumbani kwake ni hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapa ulipokanyaga."

Mtukufu alitazama chini. Viatu vyake vilikuwa vyeupe, ngozi ya mamba, zawadi kutoka nchi rafiki. Alitazama marumaru. Alitazama wageni, ambao walikuwa bado wanaandika. Kwa muda mfupi ilionekana kana kwamba kuna kitu kinapita kichwani mwake, na waliokuwa karibu wanasema kilipita upesi.

"Malundo," aliuliza, "mimi hukosea?"

"Hata siku moja, Mtukufu."

"Basi lirudi."

Malori yakaondoka kwenda Jabalini kuchukua mapipa. Askari wale wale waliojenga tuta wakatumwa kulibomoa, na kwa kuwa amri ilitoka juu, walilibomoa kwa ari kubwa kuliko walivyolijenga. Haikuchukua muda. Maji yaliingia kupitia chini ya mlango mkuu, polepole, bila kadi ya mwaliko, yakasambaa juu ya marumaru, yakapanda miguu ya viti vya mahameli. Wageni walivua viatu. Mmoja alisema kwamba kwao hajawahi kuona serikali inayotekeleza haraka namna hii, akapiga picha. Waziri alipanda juu ya meza ya hotuba, na kwa kuwa meza ilikuwa nyembamba, alilazimika kukumbatia maikrofoni.

Halafu wakaja vyura. Walitoka vichakani walikokuwa wakitafutwa, wakaingia kwa mlango mkuu kama watu wenye nyumba yao, wakakaa kwenye zulia jekundu lililolowa, wakaanza. Na katika kuimba kwao hakuna hata mmoja aliyehesabu.

Siwatu alikuwa amekwisha inama karibu na ukuta, pale ambapo vigae vilikuwa vimeanza kuinuka na udongo mweusi kuchungulia. Alifungua gunia, akachagua chipukizi ambalo bado lina kijani shinani, akalisukuma chini kwa kidole gumba. Maji yakalifunika kidogo, yakaliachia kidogo, kama mtu anayeonja.

"Mama!" aliita Mtukufu kutoka kwenye kiti chake, ambacho walinzi walikuwa wamekinyanyua na kukishika juu ya mabega. "Msamaha haujakamilika. Mfungwa hajaahidi."

"Halina mdomo, Mtukufu."

"Wewe ni nani wake?"

Siwatu alifikiri. "Ndugu yake."

"Basi mwahidie. Kwa sauti, wageni wasikie. Waziri, mpe maikrofoni."

Waziri alishuka mezani, akatembea ndani ya maji yaliyomfika magotini, akamshikia maikrofoni kwa mikono miwili. Alikuwa amepoteza kiatu njiani. Cha kushoto. Siwatu aliutazama mguu wa Waziri uliobaki mtupu ndani ya maji, akanyanyua mkono wa kulia wenye tope hadi kiwikoni, akamwangalia Waziri machoni, akasema:

"Mimi, tope la Lukolongo, naahidi mbele ya Mtukufu na mbele yako wewe, Mheshimiwa: sitaiba tena kandambili ya mtu. Atakayerudi kunifukia, nitamchukua yeye mwenyewe, na viatu nitaviacha ukingoni, ndugu zake wamtambue."